Chokaa, Mlinzi wa Njia ya Pango la Mikono

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi mliotoka mbali mkaacha magari yenu kule chini kwa sababu barabara yetu bado imekatika, familia inawashukuru kwa kupanda hadi hapa, na imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu. Nimeyaandika kwa mkono wangu nikisaidiwa na binti yake, na pale tulipokosa tarehe tumetazama kwenye madaftari yake. Kuna sehemu karibu na mwisho ambayo haikuwemo kwenye karatasi hizi hadi jana asubuhi, kwa hiyo nikisita mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kupasua magogo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba yetu, aliyekuwa fundi wa kunoa misumeno, na mama yetu, aliyekuwa akiwafulia nguo wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitoka king'ora cha saa sita mchana kinalia, watu wote wanakimbilia nje, na ndiyo maana hakuweza kukaa ndani ya nyumba hata akiwa na homa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964 katika shule iliyo karibu na daraja, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1970, akachaguliwa kuendelea na sekondari Januari 1971, ambako alipenda jiografia kupita masomo yote, akawa anachora ramani za milima ambayo hajawahi kuiona. Masomo yake yalikatika Juni 1972, baba alipokatwa vidole vitatu na msumeno aliokuwa akiunoa mwenyewe. Mwalimu wake wa jiografia alipanda hadi nyumbani kumwombea, akasema, "Mzee, niachieni huyu miaka miwili tu, atafika mbali," na baba akamwonyesha mkono uliofungwa bendeji, akamjibu, "Mwalimu, humu ndani tupo watu wanane, na vidole vimebaki saba." Mwalimu alikunywa chai yake akaondoka, na kaka akaenda kubeba magogo.

Tarehe 1 Septemba 1975 aliajiriwa na idara ya misitu ya wilaya kama kibarua wa kusafisha njia za mlimani, na mwaka 1978 akapandishwa kuwa mlinzi wa njia, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa bila kuhamishwa. Kazi yenyewe ilikuwa kufyeka majani, kuchimba mifereji ili maji yasile udongo, kupanga mawe yawe ngazi mahali penye mteremko mkali, na kupaka alama nyeupe kwenye miamba ili wapandaji wasipotee kwenye ukungu. Hapo ndipo alipopata jina la Chokaa, jina lililoshika hadi karani wa wilaya akawa analiandika kwenye barua, kwa kuwa hapakuwa na siku aliyoshuka bila weupe kwenye viatu, kwenye nyusi na kwenye kucha. Alipaka alama nyingi mno, hata ng'ombe wa jirani yetu mmoja, aliyelala njiani siku ya ukungu, aliamka na duara jeupe ubavuni.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1980, na mke wake mpenzi, ambaye naye ametangulia, aliyekuwa mshonaji mwenye cherehani chake kwenye baraza la duka karibu na kituo cha basi. Walijuana kwa sababu ya magoti ya suruali, maana kaka alikuwa akipiga magoti kwenye mawe siku nzima, na kila Jumatatu anapeleka suruali ile ile, mpaka siku moja wifi akamwambia mbele za watu, "Hii sasa ina viraka vingi kuliko kitambaa, bora nihamie ilipo niishone huko huko." Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza mvulana, aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1982, ambaye leo ni dereva wa malori ya masafa marefu na hajaweza kufika kwa sababu amekwama mpakani, na wa pili msichana, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1985, ambaye yuko hapa nasi.

Sasa nifike kwenye lile mlilokuwa mkimjua nalo. Siku ya Jumanne, tarehe 3 Mei 1988, baada ya mvua ya wiki mbili, kaka alipanda kukagua njia akakuta mti mkubwa umeng'oka na mizizi yake imefungua mdomo wa pango ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Aliingia kwa kutambaa, akawasha kiberiti, akaona ukuta mzima umejaa viganja vya watu, vyekundu na vyeusi, vikubwa na vidogo, arobaini na tatu kwa hesabu, na vyote vya mkono wa kushoto. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alizima kiberiti haraka na kusema hodi, halafu akaona haya, kwa kuwa alikuwa ameshaingia.

Alimwambia mke wake peke yake. Jumapili iliyofuata alimpandisha, mwendo wa saa tatu na nusu kwa mtu asiyezoea, na wifi akasimama mbele ya ukuta ule, akakiweka kiganja chake karibu na kimoja bila kukigusa, akasema, "Hawa nao walikuwa wafupi kama mimi." Walikaa na siri hiyo zaidi ya miaka miwili, na wale waliokuwa jirani zao wakati huo mtakumbuka jinsi walivyokuwa wakipanda Jumapili na kapu la chakula, tukadhani wamerudia uchumba.

Tarehe 30 Novemba 1990 kiwanda cha mbao kilifungwa, na watu zaidi ya mia tatu wakabaki mikono mitupu, na kuanzia Krismasi hiyo vijana wetu wakaanza kushuka kwenye kituo cha basi na magodoro kichwani. Kaka aliwaona wakipita kila asubuhi, akashindwa kuvumilia. Akamwambia mke wake kwamba atakwenda kuitangazia wilaya habari za pango, ili watu waje kulitazama, na wakija watahitaji pa kulala, pa kula na wa kuwaongoza, na vijana watabaki. Wifi hakutaka. Alimwambia, "Ukiwaonyesha mara moja, huwezi tena kuwaambia wasije." Naye akajibu, "Na tusipowaonyesha, tutabaki wewe na mimi na kuta." Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Januari 1991, alivaa koti, akateremka hadi makao makuu ya wilaya, akaomba kuonana na mkuu wa idara.

Pango la Mikono lilifunguliwa rasmi mwezi Aprili 1993, na hakuna atakayesema kwamba kaka alikosea hesabu, kwa sababu watu walikuja. Kikajengwa kibanda cha tiketi, ikajengwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili ambamo wifi aliacha cherehani akawa mpishi mkuu, wakapatikana waongozaji wanane, vijana wa hapa hapa, wanne kati yao wakiwa wameshafunga mizigo ya kuondoka. Mwaka wa kwanza walipanda watu mia mbili na kumi na wawili, mwaka 1999 wakapanda zaidi ya elfu tisa. Kaka aliwaongoza wageni kwa sauti ya chini kama aliyeingia kwenye nyumba ya mgonjwa, akawaomba wasiguse, wasiwashe moto, wasiongee sana, na mtu akimuuliza nani alichora vile viganja, alijibu, "Wenyeji. Sisi wengine wote ni wapita njia."

Mwaka 1997 ndipo alipoona kiganja cha pili kutoka mlangoni kimepauka. Aliandika barua kwa idara tarehe 8 Agosti mwaka huo, akaandika tena mwaka 1998, na tena mwaka 2000, akieleza kwamba pumzi za watu wengi zinalowesha ukuta, akiomba idadi ipunguzwe. Badala yake zikafungwa taa za umeme, ili wageni waone vizuri, na taa zikaotesha ukungu wa kijani pembezoni, na mwaka 2001 kuna mtu, ambaye hatujamjua hadi leo, aliyechonga jina lake na la mpenzi wake katikati ya viganja viwili vya watoto. Kaka alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara, na jibu alilopewa alilirudia nyumbani akiwa bado amesimama mlangoni: "Chokaa, wageni umewaleta wewe, leo unataka kuwafukuza wewe?" Wifi alikuwa akimenya viazi, na hakusema neno, na kaka alituambia kwamba afadhali angesema.

Furaha yake kubwa katika miaka hiyo ilikuwa binti yake, aliyesomea utalii na mambo ya kale chuoni kuanzia mwaka 2004 hadi 2008, akaajiriwa kuwa afisa utalii wa wilaya tarehe 2 Februari 2009. Baba yake aliazima koti la jirani kwenda kumwona akiwa amekaa kwenye meza ya ofisi, akakaa kwenye kiti cha wageni dakika kumi, akaaga.

Tarehe 17 Novemba 2011 mlima uliporomoka. Kilomita mbili za barabara zilikwenda, nyumba sita zilikwenda, na upande wote wa jiko wa nyumba ya wageni, na tunashukuru kwamba ilikuwa saa ya mapumziko na hakuna aliyekuwa ndani. Tuliahidiwa barabara ndani ya miezi sita. Ninyi mliopanda leo mmeiona ilivyo. Wageni walipungua wakaisha, waongozaji wanane wakaondoka mmoja mmoja, wa mwisho Juni 2013, na tarehe 26 Agosti 2014, wifi yetu aliposhikwa na shinikizo la damu, alibebwa juu ya mbao za kitanda na majirani wanane, wengi wao mpo hapa, akafariki dunia pale kwenye kijito, kabla ya kufika gari lilipokuwa likisubiri. Kaka alimshikilia mkono njia nzima. Baada ya hapo alijenga hatua za mawe pale kijitoni, ngazi kumi na tisa, ambazo mwenyewe hakuwahi kuzitaja.

Mwaka 2015 binti yake aliwaleta wataalamu kupima hewa ya pango, wakasema hata pumzi za mtu mmoja zinadhuru, na tarehe 1 Machi 2016 pango likafungwa kwa lango la chuma kwa saini ya binti. Baba yake alimwomba ufunguo. Nilikuwapo, tulikuwa tumekaa jikoni kwake. Alisema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyelifungua," na binti akajibu, "Ndiyo maana, baba. Nikikupa wewe, nitamnyima nani?" Kaka alikubali kwa kichwa, kwa sababu alijua ni haki, ila moyo haukukubali, na kwa muda mrefu aliacha kwenda nyumbani kwa binti yake. Hakumsema vibaya hata siku moja. Alisema tu kwamba miguu inamuuma, mtu aliyekuwa akipanda mlima mara tatu kwa wiki.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2017 akiwa na miaka sitini, na nafasi ya mlinzi wa njia ikafutwa siku hiyo hiyo. Wilaya ilijenga pango la saruji makao makuu, kando ya barabara kubwa, ili wageni waone viganja bila kupanda, na tarehe 12 Oktoba 2018 kaka alialikwa kuwa mgeni rasmi. Alikata utepe, akaingia, akazunguka, kisha akamnong'oneza binti yake, "Mmewageuza. Wote hawa ni mikono ya kulia." Wachoraji walikuwa wameibandika picha kinyume, rangi ilikuwa imeshakauka, na watu wanapiga makofi. Alipiga makofi naye, kwa heshima ya mtoto wake, akarudi nyumbani.

Tangu alipostaafu aliendelea kusafisha njia bila kutumwa na mtu, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akifyeka, akipaka chokaa aliyoinunua mwenyewe, akifika kwenye lango akikaa kwenye jiwe kula mkate wake. Aliporudi aliandika kwenye daftari maneno yale yale: "Lango zima. Hakuna mtu." Kurasa zimejaa hivyo. Tulimwambia apumzike, njia hiyo haina mpitaji, naye akasema kwamba waliomo ndani hawana mtu mwingine wa kuwapitia.

Hapa ndipo pale niliposema. Jana asubuhi binti wa marehemu alinijia jikoni, akaniambia, "Shangazi, kuna kitu lazima kisomwe. Mimi sitaweza, wewe kisome chote." Nakisoma kama alivyonieleza.

Siku ya Alhamisi, tarehe 10 Juni 2021, yeye na wataalamu wawili walifungua lango kulikagua pango kwa mara ya kwanza tangu lifungwe. Walikuta ukuta wote umefunikwa na ukungu mweusi. Lango lenyewe lilikuwa limezuia hewa iliyokuwa ikipita, unyevu ukabaki ndani miaka mitano, na chini ya ukungu ule rangi ilikuwa imebanduka na kuanguka sakafuni kama unga. Hakikubaki kiganja hata kimoja. Wakati wanashuka walimkuta kaka njiani, amekuja siku isiyokuwa yake kwa sababu alisikia kuna watu juu. Alisimama, akavua kofia, akamuuliza mwanawe swali moja tu: "Wapo?" Na binti akamwambia, "Wapo, baba. Wote."

Wengi wenu mtakumbuka kwamba ni mwezi huo kaka alipoanza tena kwenda nyumbani kwa binti yake. Alikwenda Jumapili ile ile, na mkungu wa ndizi begani. Alimwambia mbele ya wajukuu, "Nilikukasirikia miaka mitano, na wewe ndiye uliyewaokoa. Nisamehe." Binti anasema alijaribu kusema ukweli siku hiyo, akashindwa, na kila siku iliyopita ilifanya siku ya pili yake kuwa ngumu zaidi, na baba yake akaendelea kupanda, mara tatu kwa wiki, miaka miwili, akilinda ukuta mtupu na akirudi na furaha. Sisi wa familia hatujui la kumwambia. Mimi mwenyewe jana nilimwekea chai tu. Ila amesimama pale, na ameomba msikie.

Kaka alianza kukohoa mwezi Novemba 2022. Tarehe 8 Februari 2023 hospitali ya wilaya iligundua kwamba mapafu yake yameharibika, kwa vumbi la mbao la ujanani na vumbi la chokaa la miaka yote iliyofuata, na hayatapona. Alipanda mara ya mwisho siku ya Ijumaa, tarehe 14 Julai, akafika nusu ya njia, akageuka. Tarehe 20 Septemba tulimteremsha kwa machela, kwa njia ile ile aliyoteremshwa mkewe, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Pumzi zilipopungua, akili nayo ikawa inakwenda na kurudi.

Jumapili, tarehe 29 Oktoba, binti yake alikwenda na ufunguo wa lango mkobani, akiwa amepiga moyo konde kwamba leo atamwambia baba yake kila kitu. Akamwekea ufunguo kiganjani. Kaka aliugeuza, akautazama kwa muda, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Huu ni wa nyumba gani, mama?" Binti akauchukua, akaurudisha mkobani, akamwambia ni wa ofisini.

Alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wawili tuliobaki. Hakuacha mtu wa kushika kazi yake, na hatutawadanganya kwamba yupo anayefikiriwa.

Familia inamshukuru daktari wa mapafu na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomgeuza kitandani kila baada ya saa mbili na kumwita Mzee Chokaa bila kufundishwa. Tunawashukuru majirani, ninyi ambao mabega yenu yamemteremsha yeye na mkewe na jana yakampandisha tena. Tunawashukuru wenzake wa idara ya misitu, waliobaki watatu, na wale waongozaji wa zamani wawili waliosafiri siku mbili kuja kusimama hapa. Nasi tunamwombea mwanawe aliyeko mpakani afike salama, ingawa atakuta kaburi.

Wenye jeneza, tafadhali njooni mbele. Wenye mapanga watangulie, kwa kuwa tangu Julai hakuna aliyefyeka na njia ya makaburini imeziba, na wazee wapite upande wa mlima, maana upande wa pili udongo umeanza kumomonyoka.

Kaka, ulikuta njia imeziba ukaifungua, na leo tunakusindikiza kwa njia iliyoziba. Tusamehe. Pumzika, na amani tuliyoshindwa kukupa uikute uendako.